Somo: Kibofu cha mama, tangu mimba mpaka baada ya kujifungua

Juzi nilikuwa kwenye basi la Mbeya kwenda Iringa. Aliyekaa pembeni yangu ni dada mwenye mimba kubwa, na tangu Uyole hakugusa chupa yake ya maji. Makambako konda akatangaza kuchimba dawa, dada akashuka mbio. Aliporudi akaninong'oneza: "Nimebana tangu Igawa." Somo hili ni lake.

Hatua ya 1. Kunywa maji. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu inafanya mtu aishi kwa chai tu, na chai nyingi huchokoza kibofu. Maji ya baridi yakikushinda, kunywa ya uvuguvugu. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, hujanywa. Umechoka kuamka usiku? Punguza vinywaji saa mbili kabla ya kulala, si kutwa nzima.

Hatua ya 2. Usibane. Mimba hulegeza njia za mkojo, mkojo unatuama, vijidudu vinapata pa kuzaliana. Ukikojoa usiharakishe, inama mbele kidogo umalizie. Jifute kutoka mbele kwenda nyuma.

Hatua ya 3. Pima mkojo kliniki hata kama huumwi, maana mjamzito anaweza kuwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) bila dalili yoyote. Ikipanda kwenye figo utaona homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu, na uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Vidonge alivyobakiza jirani usiguse, vingine havifai kwa mimba.

Hatua ya 4. Mazoezi ya misuli ya nyonga, na hapa ndipo wengi hukosea. Kaa kwenye kigoda. Jione uko kanisani, kimya kimetanda, na tumbo limejaa gesi. Ule mbano unaoujua wewe mwenyewe, ndio huo. Bana nyuma, kisha mbele, kama unavuta kitu kwenda juu. Matako na mapaja yatulie, na uendelee kupumua. Hesabu mpaka 8, achia kabisa, pumzika kidogo, rudia mara 8. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Siku za mwanzo utaishia 3 au 4, si neno. Ila usijizoeze kwa kukata mkojo katikati, unaharibu mpangilio wa kibofu.

Hatua ya 5. Ukishajifungua, kojoa ndani ya saa 6. Uchungu mrefu hutia kibofu ganzi, kinajaa na wewe husikii kitu. Mkojo usipotoka, mwambie mkunga bila aibu.

MASWALI

Mama wa Tukuyu: Nina miezi minne tangu nijifungue, nikipiga chafya mkojo unatoka. Mama mkwe anasema ndiyo uzazi.
Jibu: Wapo wengi kama wewe, lakini si jambo la kuvumilia. Anza hatua ya 4 leo, na uende nayo miezi 3 bila kuruka. Chafya ikikaribia, bana kwanza. Ndoo ya maji vilevile: bana ndipo unyanyue, au mtu akutwike. Choo kigumu nacho husukuma nyonga, kwa hiyo mboga za majani na parachichi zisikosekane. Pasipobadilika, nenda hospitali.

Wa Njombe: Mdogo wangu ana wiki mbili tangu ajifungue. Uchungu ulimchukua siku mbili. Sasa mkojo unamtoka wenyewe, hata akiwa amelala.
Jibu: Huyo asisubiri mazoezi, mpeleke leo. Kichwa cha mtoto kikikandamiza kibofu muda mrefu, nyama hufa na tundu hutokea. Ndiyo fistula. Akiwahi, tundu dogo huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu. Ikihitaji upasuaji, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hutibu fistula bure. Na msimtenge.

Wa Uyole: Kukandwa maji ya moto kunakaza kibofu?
Jibu: Hakukazi, na nimeona akina mama waliobabuka. Kama mshono unawaka ukikojoa, jimwagie maji ya uvuguvugu hapohapo mkojo unapotoka.