Krismasi ya ukoo mlimani: namna ya kuiandaa wakati mambo yamebadilika

Kila Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Korogwe, Same na Himo hujaa magari ya watu wanaopanda Kilimanjaro kula sikukuu nyumbani, na utani kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa hurudiwa kila mwaka bila kuchosha. Mwongozo huu unamhusu yule ambaye mwaka huu ameangukiwa na jukumu la kuandaa sikukuu hiyo Marangu, Machame, Kibosho au Rombo, huku akiona wazi kwamba haitawezekana kuifanya kama zamani: mama hawezi tena kusimama jikoni kutwa, baba ameshatangulia mbele ya haki, na wajukuu waliozaliwa mjini hawajui hata kusalimia kwa Kichaga.

Anza kwa kuwauliza wazee ni jambo gani likikosekana wataona sikukuu haikuwapo. Majibu yao hushangaza, kwa kuwa mengi tunayoyahangaikia si ya kale sana. Krismasi yenyewe ilifika mlimani na wamisionari, Wakatoliki wa Kilema na Kibosho na Walutheri wa Leipzig walioanza Machame mwaka 1893, na wenyeji wakaipokea kwa mbuzi na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, waliyokuwa nayo tayari. Nguo mpya za watoto na wali wa mara moja kwa mwaka vilitegemea malipo ya kahawa, enzi ambazo chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoundwa mwaka 1933, kilikuwa tegemeo la kaya nyingi. Leo kahawa imeng'olewa katika vihamba vingi, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, na wali huliwa hata siku ya Jumanne. Kwa hiyo usione haya kuacha pilau ya masufuria matano ikiwa bibi anachotaka ni mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na kuwaona watoto wake wote wakiwa wameketi uani.

Kikao cha maandalizi kifanyike kabla Novemba haijaisha, hata kama ni kwa simu. Hapo mpange mchango, na kwa maoni yangu mchango wa kiasi kimoja kwa wote ndio unaofukuza watu nyumbani, kwa sababu asiyekuwa nacho huona afadhali aseme kazi imembana kuliko kuaibika mbele ya wadogo zake. Mwenye mshahara atoe fedha, mwenye migomba alete mikungu, na kazi ya mikono ihesabiwe kuwa mchango kamili. Jambo hili la mwisho lisemwe waziwazi, maana katika nyumba nyingi mzigo wote humwangukia mke wa kitinda mimba, kwa kuwa ndiye anayeishi kwenye boma la wazazi, na wageni humkuta na kumwacha jikoni. Mwandikieni wasaidizi kwa majina na kwa siku. Mkiona inafaa, mlipeni mpishi wa kijijini aje tarehe 25; hakuna mila inayovunjwa kwa kufanya hivyo.

Kuhusu safari, tiketi za basi zitafutwe mapema na nauli ilinganishwe na ile iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa sababu Desemba wapiga debe hujitungia bei zao. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kusimama kwa miaka mingi, na huwafaa wenye watoto na mizigo, ila ratiba iulizwe kituoni. Lengeni kufika tarehe 22, si usiku wa mkesha.

Mbege haingojei wanaochelewa. Ndizi huvunwa mapema zikaachwa ziive vizuri, kisha huchemshwa kwa muda mrefu hadi rangi igeuke kuwa nyekundu nzito, ndipo huwekwa kando zichachuke kwa siku kadhaa. Wakati huohuo ulezi hulowekwa, huachwa uote, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea. Ndizi zikishachachuka hukorogwa kwa maji na kuchujwa, magome ya msesewe huongezwa ili kuleta ule uchungu wake, na mwishoni uji wa kimea uliopoa huchanganywa humo, ukaachwa ulale usiku mmoja. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 25, kazi inapaswa kuanza mapema katikati ya mwezi, na mtu wa kuianza lazima awe yuko kijijini. Ikiwa hayupo, nunueni kwa mama wa jirani anayeaminika, lakini mpeni mmoja wa vijana kazi ya kukaa naye anapokoroga na kuonja, kwa sababu kiasi cha msesewe hakiandikwi popote. Mpishi hukijua kwa ulimi wake.

Mbuzi naye ana taratibu zake. Kila kiungo kina mwenyewe, na mgawo wa Machame si lazima ufanane na wa Rombo, kwa hiyo mwombeni mzee mmoja asimame wakati wa kuchinja aeleze kipande kipi ni cha nani na kwa nini, na kijana aandike. Siku hizi ukoo mmoja huwa na walokole wasiogusa pombe, wasiotaka kisusio, supu ya mbuzi yenye damu, kwa sababu ya hiyo damu, na pengine mkwe Mwislamu. Haya hutatuliwa asubuhi, si mezani: mwombeni Mwislamu achinje ili nyama iwafae wote, kisusio kipikwe katika sufuria yake peke yake, na asiyekunywa mbege asilazimishwe hata kwa mzaha wa baba mdogo.

Walio katika ndoa wana swali lao: waende kwao mume au kwao mke? Wengine hupokezana mwaka kwa mwaka. Wengine hula Krismasi upande mmoja na Mwaka Mpya upande wa pili, jambo ambalo ni jepesi iwapo kwao mmoja ni Moshi na kwao mwingine ni Arusha, umbali wa kilomita 80 hivi. Vyovyote mtakavyoamua, mama mkwe aambiwe na mwanawe wa kumzaa, mapema, na si na mkaza mwana.

Ikiwa kuna ndugu waliokosana, msisubiri ibada ya Krismasi iwapatanishe. Desturi ya mlimani ni mkosaji kumpelekea aliyekosewa jani la sale, mmea wa heshima kwa Wachaga, kuomba msamaha, mara nyingi kupitia kwa mtu mzima anayeheshimika, na kulikataa jani hilo ni jambo zito. Mtu huyo atafutwe wiki moja kabla, ili tarehe 25 wote waweze kula pamoja.

Watoto wapewe kazi halisi badala ya kuachiwa simu: kufagia makaburi ya babu na bibi yaliyo kihambani, kukata majani ya ng'ombe, kubeba chakula kwa wazee majirani wasioweza kutembea. Mtoto aliyefagia kaburi atauliza aliyelala pale ni nani, na hapo ndipo pa kumweleza ukoo wake.

Mambo ya mipaka, hati na urithi yapelekwe kwenye kikao cha tarehe 26 au 27, asubuhi, kabla mbege haijamiminwa, na muhtasari uandikwe na kusomwa mbele ya wote kabla ya kutawanyika. Ndani yake yawemo majina ya watakaosimamia mwaka unaofuata, salio la mchango na aliyelishika, pamoja na jina la atakayebaki na ufunguo wa nyumba ya wazazi, aifungue madirisha mara kwa mara na kukagua bati kabla ya mvua za masika.