Kaunta kubwa zisikatwe tarakimu njiani

Ukiona grafu ya trafiki imelala kama meza, kisha inaruka ghafla na kulala tena, usikimbilie kulaumu mtandao. Angalia kwanza jinsi programu yako ya ufuatiliaji inavyoandika namba za kaunta, yaani hesabu ya baiti zilizopita inayozidi kupanda.

Mara nyingi mkosaji ni fomati ya %g, yaani alama inayoiambia programu (kwenye C na lugha nyingine) iandike namba ya desimali kwa namna gani. Usipoiambia kitu, hubakiza tarakimu 6 tu zenye maana. Kaunta ya baiti 1834567890123 inatoka ikiwa 1.83457e+12, na hapo karibu baiti milioni 10 zinaweza kupita bila namba kubadilika hata kidogo! Kwa namba kamili tumia %d au %u ya biti 64 (%llu kwenye C). Kwa desimali za biti 64 (double), %.17g inatosha kuirudisha namba ileile ikisomwa upya.

Mtego wa pili uko upande wa programu inayozisoma namba hizo, nao ndio unaoniumiza zaidi kwa sababu hauonekani. JSON, muundo wa maandishi ambao programu hutumia kupeana data, yenyewe haina kikomo cha ukubwa wa namba, lakini JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, huisoma namba kama desimali ya biti 64, ambayo ina uhakika wa namba kamili hadi 9007199254740992 pekee. Muda wa Unix (muda uliohesabiwa tangu mwanzo wa 1970) kwa nanosekunde umeshapita hapo zamani. Namba za aina hiyo zitume kama maandishi, ndani ya alama za nukuu.

Jaribio la haraka: pitisha 9007199254740993 kwenye mfumo mzima. Ikitoka inaishia na 2, kuna hatua inayoigeuza kuwa desimali.