Pwani ya Amalfi: anzia Salerno, kwa boti

Ukienda pwani ya Amalfi kusini mwa Italia, usianzie Sorrento kwa basi kama wafanyavyo wengi. Panda treni kutoka Napoli hadi Salerno, ulale huko, kisha asubuhi chukua boti. Gati la Piazza della Concordia liko dakika chache tu kwa miguu kutoka kituo cha treni, na hadi mji wa Amalfi ni kama dakika 35. Boti nyingine huendelea hadi Positano.

Sababu ni barabara. SS163, barabara ya pwani hiyo, ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona. Magari mawili makubwa yakikutana, lazima moja lirudi nyuma. Majira ya joto mabasi hujaa tangu kituo cha kwanza, na anayesubiri njiani huachwa juani. Baharini hakuna foleni, na miji unaiona yote kwa mbele, nyumba zimepandana hadi juu mlimani. Mimi naona mandhari hayo peke yake yanatosha kulipia tofauti ya nauli, maana boti ni ghali kuliko basi.

Mbinu hii hukwama bahari ikichafuka, kwani safari hufutwa, na pia majira ya baridi, boti nyingi zinapokuwa zimesimama. Mji wa Ravello nao uko mlimani, hivyo ukishuka Amalfi bado utahitaji basi. Kwa hiyo weka tiketi ya basi ya akiba mfukoni. Huuzwa kwenye maduka ya tumbaku yenye kibao cha herufi T.