Usaili wa Bank Officer Benki Kuu ya Tanzania (BoT), kuanzia maombi mpaka ana kwa ana

Juzi nimekesha na mdogo wangu anaomba Bank Officer II, kada ya uchumi. Ni mtu wa tatu namsaidia hii kitu, kwa hiyo naandika mara moja nipumzike na voisi za WhatsApp.

1. Fungua akaunti Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini, jaza. Tumia kompyuta, simu itakutoa machozi.

2. Barua ya maombi isainiwe, na usimwandikie Gavana! Tangazo likipitia Sekretarieti ya Ajira, barua inaenda kwa Katibu wa Sekretarieti, S.L.P. 2320 Dodoma. Dogo alishaanza na "Mheshimiwa Gavana" kwa mbwembwe zote.

3. Majina. Hapa ndo pamenila mwaka mzima. Cheti changu cha form four kinasema Saidi, NIDA kwenye kitambulisho cha taifa wameandika Said, nikaona aah, herufi moja tu nani ataiangalia, nikaenda usaili wa taasisi moja na kiapo cha mahakamani nimekikunja mfukoni. Nikarudishwa mlangoni, nauli ya basi imeenda na maji. Tangazo la kuitwa usaili linasema deed poll, yaani hati ya kisheria ya kubadili jina, sio kiapo. Wakili anakuandalia, halafu isajiliwe kwa Msajili wa Hati, usiishie kwenye muhuri wa wakili ukadhani umemaliza. Anza leo hata kama tangazo halijatoka. Weka vyeti vyote mezani, cha kuzaliwa, form four, form six, chuo, NIDA, soma herufi kwa herufi, na jina la kati likiwa kirefu huku na kule ni "J." nalo ni tatizo. Na siku yenyewe beba vyeti orijino, matokeo ya muda (provisional) na hati za matokeo hazipokelewi.

4. Umeitwa? Ingia kwenye akaunti unakili namba ya usaili, wengi wanasahau.

5. Mtihani wa mchujo. Achana na zile PDF za past paper zinazouzwa Telegram, na madesa ya chuo yaangalie kwa jicho la pembeni maana mengi bado yanafundisha BoT inaongoza sera kwa kulenga ujazi wa fedha, yaani kiasi cha pesa kilichopo kwenye uchumi. Hiyo iliisha Januari 2024, sasa chombo kikuu ni Riba ya Benki Kuu, CBR, riba ambayo BoT inaitangaza ili kuongoza riba za sokoni. Ilianza 5.5%, Aprili 2024 ikapanda 6, Julai 2025 ikashuka 5.75. Usikariri namba tu, jua inavyofanya kazi: BoT inataka riba ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku 7 izunguke ndani ya asilimia 2 juu au chini ya CBR, yaani CBR ikiwa 5.75 riba icheze kati ya 3.75 na 7.75, lengo mfumuko wa bei ubaki 3 mpaka 5. Mimi nasoma taarifa za Kamati ya Sera ya Fedha kwenye tovuti ya BoT, za mwaka mzima, bure kabisa. Dogo nimemwambia anieleze hii ya CBR kama anamweleza bibi anayeuza vitumbua, akikwama anarudi kusoma.

6. Ana kwa ana: wahi, jibu kwa kifupi. Ukifaulu na nafasi zimejaa jina linakaa kwenye kanzidata (database) ya Sekretarieti, kwa hiyo laini uliyojazia usiitupe.