Kuingiza jarida la kielektroniki kwenye katalogi: anza na namba, kiungo kije baadaye

Mchapishaji akishatuma kiungo, wakutubi wengi hukimbilia kukibandika kwenye katalogi. Subiri kwanza. Malalamiko ya "nimebofya, naambiwa nilipe" mara nyingi hutokana na namba na tarehe ambazo hakuna aliyezikagua.

Hatua ya 1: Hakiki ISSN, namba ya tarakimu nane inayotambulisha jarida. Toleo la karatasi na la mtandaoni kila moja lina namba yake. Jarida la Nature, kwa mfano, ni 0028-0836 kwa karatasi na 1476-4687 mtandaoni. Kujua kama namba imechapwa sawasawa, zidisha tarakimu saba za mwanzo kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano huo, kisha jumlisha. Kwa 0028-083 utapata 12+40+24+6, yaani 82. Gawanya kwa 11, inabaki 5. Toa 5 kwenye 11 upate 6, ambayo ndiyo tarakimu ya mwisho. Jibu likiwa 10 huandikwa X, kwa hiyo usiifute X ukidhani aliyechapa kakosea.

Hatua ya 2: Jaza rekodi. Kwenye MARC 21, muundo wa kawaida wa kuandika rekodi za katalogi katika sehemu zenye namba, ISSN ya mtandaoni huingia sehemu ya 022, na ya karatasi huenda 776 ili rekodi mbili zijuane. Kiungo kinakaa 856. Mimi hupendelea rekodi mbili tofauti kuliko moja iliyobebeshwa kila kitu: siku usajili wa mtandaoni ukikatika, unaondoa moja tu.

Hatua ya 3: Miaka mnayoruhusiwa kusoma. Hapa usiharakishe. Mwombe mchapishaji orodha ya KBART, muundo wa kawaida wa kuonyesha majarida na miaka inayosomeka; ni faili la maandishi lenye safu zilizotenganishwa kwa tabo, ulifungue kwenye programu ya jedwali. Tazama tarehe ya toleo la kwanza na la mwisho, kisha safu ya zuio, yaani kipindi ambacho mchapishaji amekizuia kisisomwe. P1Y maana yake mnasoma yote isipokuwa ya mwaka wa kalenda unaoendelea. R10Y ni kinyume chake, mnapata miaka 10 ya karibuni tu. Ukizichanganya hizo mbili, katalogi itaahidi matoleo ambayo msomaji hatayapata. Linganisha pia na mkataba: usajili ukikoma, miaka mliyolipia inabaki yenu au inaondoka nao? Andika jibu kwenye rekodi ya usajili, maana atakayeulizwa baadaye huenda si wewe.

Hatua ya 4: Takwimu. Dai ripoti za COUNTER, kanuni ya pamoja ya kuhesabu matumizi ya majarida ya mtandaoni, la sivyo hamtaweza kulinganisha wachapishaji wawili kwa kipimo kimoja.

Hatua ya 5: Jaribu kiungo. Usijaribu ukiwa maktabani, kwani seva ya mchapishaji inaitambua anwani ya mtandao wenu na kukufungulia bila swali. Tumia intaneti ya simu, ingia kama msomaji wa kawaida, kisha fungua makala moja ya mwaka wa kwanza na moja ya mwaka wa mwisho ulioandikwa kwenye rekodi. Zote mbili zikifunguka, iachie rekodi ionekane kwa wasomaji.