Ngozi ya Ng'ombe kwa Ajili ya Matibabu: Kazi Inaanzia Zizini

Wafugaji wengi wakiuza ng'ombe hupiga hesabu ya nyama tu, ngozi wakaiacha machinjioni bila hata kuuliza imekwenda wapi. Ndani ya ngozi hiyo, kwenye kano, na katika utando unaozunguka moyo, mna protini iitwayo kolajeni, na watengenezaji wa vifaa tiba wanaihitaji. Masharti yao ni magumu. Mengi hayatimizwi kiwandani, hutimizwa au hushindikana mnyama akiwa bado anakula mikononi mwa mfugaji.

Karibu theluthi moja ya protini yote mwilini mwa mnyama ni kolajeni. Kila uzi wake ni nyuzi tatu nyembamba zilizosokotwa kama kamba, ndiyo maana kano haikatiki kirahisi. Kolajeni ya ng'ombe inafanana sana na ya binadamu. Ikiwekwa kwenye jeraha, seli za mgonjwa huishika na kukua juu yake, kisha mwili huivunja polepole na kuweka ya kwake. Kwa sababu hiyo madaktari wa upasuaji huitumia kama sponji ya kuzuia damu, kifuniko cha vidonda, kiraka cha utando wa ubongo na kijazio cha mfupa. Ngozi ya bandia ya watu walioungua vibaya, iliyobuniwa na Ioannis Yannas na John Burke na kuidhinishwa Marekani mwaka 1996, hutumia kolajeni ya kano za ng'ombe. Utando wa moyo wa ng'ombe nao hutibiwa kwa kemikali na kushonwa kuwa vali za moyo wa binadamu.

Wanunuzi hawa wanaogopa kichaa cha ng'ombe kuliko kovu lolote la ngozi. Ugonjwa huo ulitambuliwa Uingereza mwaka 1986, ukaenea kupitia unga wa nyama na mifupa uliochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe. Mwaka 1988 nchi hiyo ilipiga marufuku kuwalisha wanyama wanaocheua protini iliyotoka kwa wenzao, na mwaka 1996 ikatangazwa kwamba binadamu pia huenda wanaupata. Visababishi vyake, prioni, ni protini zilizojikunja vibaya, na kuchemsha kwa kawaida hakuziharibu. Makazi yake ni ubongo na uti wa mgongo, si ngozi, na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huihesabu kolajeni iliyotoka kwenye ngozi pekee kuwa bidhaa salama kuhusu ugonjwa huu. Hata hivyo kitu cha kuwekwa ndani ya mwili wa mtu hudai zaidi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22442 kinamtaka mtengenezaji aonyeshe mnyama alitoka wapi, tishu zilikusanywa namna gani, na hatari ya virusi na prioni ilidhibitiwa vipi. Swali hilo la kwanza mwenye jibu ni wewe mfugaji.

Basi anza na chakula. Usimpe ng'ombe chakula cha kuku wala cha nguruwe, hata kikiwa ni mabaki yatakayoharibika bure, kwa kuwa huweza kuwa na unga wa mifupa, damu au nyama. Mbolea ya kuku nayo, ambayo wengine huichanganya kwenye chakula cha ng'ombe wakati wa ukame, huja na punje zilizomwagika kutoka kwenye vihori vya kuku. Iache. Tenganisha stoo, na pia koleo, ndoo na mashine ya kuchanganyia. Lebo na risiti za kila chakula unachonunua zitunze.

Baada ya hapo ni kumbukumbu. Kila mnyama awe na hereni, tarehe ya kuzaliwa, mama anayejulikana, dawa alizopewa na tarehe zake, na kila zizi alilopitia. Mnyama aliyenunuliwa mnadani bila historia anaweza kuwa mnono na mwenye afya, ila kwa soko hili thamani yake ni ile ya nyama. Wanunuzi wengi hupendelea wanyama wachanga: kolajeni yao huyeyuka kirahisi wakati wa kuchakatwa, na kichaa cha ng'ombe huonekana zaidi kwa wakubwa. Zingatia pia muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kila dawa kabla ya kuchinja, dawa za kuogeshea zikiwemo.

Kolajeni ya matibabu hutolewa kwenye tabaka la chini la ngozi, kwa hiyo mkwaruzo wa juu haumkeri mnunuzi huyu kama unavyomkera mtu wa viatu. Kinachoharibu ni vidonda vya ndani: kupe waliozama, majipu ya sindano chafu, ugonjwa wa mapele ngozi. Chanja, ogesha kwa ratiba, na piga sindano shingoni kwa sindano safi.

Mnyama aliyekufa mwenyewe hafai kabisa. Akifa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au kwenye njia ya haja, usimchune wala kumpasua. Huenda ni kimeta, na mbegu zake hukaa udongoni kwa miaka mingi. Mwite daktari wa mifugo.

Machinjioni, mnyama akaguliwe akiwa hai na baada ya kuchinjwa. Ubongo na uti wa mgongo viondolewe kwa visu vya peke yake, visiguse ngozi. Ngozi ivutwe kwa mkono au mashine pale inapowezekana, kisu kikitumika kidogo, na isiburuzwe juu ya samadi. Saa chache zinazofuata ndizo zinazoharibu kazi yote. Bakteria huanza kuila mara moja, na ngozi mbichi ikifikia nyuzijoto 60 hivi, kolajeni yake hunywea na kuanza kugeuka jelatini, ute kama gundi. Kwa hiyo kuianika kwenye jua kali, juu ya mawe au mabati, ni kuiua. Ipelekwe kwenye baridi, au ipakwe chumvi safi ambayo haijatumika, kiasi cha theluthi ya uzito wake au zaidi kidogo. Usiipulizie dawa ya wadudu, na isisindikwe kwa kromiamu, kemikali ya kutengenezea ngozi ya viatu.

Usijaribu kuchemsha ngozi nyumbani ukapaka kidonda. Unachopata ni jelatini yenye vijidudu. Kiwandani kolajeni husafishwa kwa vimeng'enya vinavyokata ncha zake zinazoamsha mzio, na hata hivyo, kolajeni ya ng'ombe ya kudungwa usoni kwa sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981 ilihitaji mgonjwa ajaribiwe kwanza, kwa kuwa watu wapatao 3 kati ya 100 walikuwa na mzio nayo.

Mfugaji mmoja mmoja hawezi kuliingia soko hili. Kikundi chenye makubaliano na machinjio yenye chumba cha baridi kinaweza. Kabla ya kuchinja, mnunuzi aandike anataka umri gani, kiungo gani, chenye chumvi au kilichogandishwa, na karatasi zipi. Kubalianeni pia nani atabeba hasara ngozi ikikataliwa, maana vipimo vya mwisho hufanyika kiwandani, wakati nyama imekwishauzwa.