Somo: Kumfuatilia chemosit kwa ushahidi unaokaguliwa

Wengi wenu mmeomba mwongozo wa kumtafuta chemosit, mnyama wa masimulizi ambaye bado hajathibitishwa, yule ambaye walowezi walimwita dubu wa Nandi. Nimeuandikia watu wa Nandi, Kakamega na upande wa Mau, wenye simu, buti za mpira na Jumamosi moja mkononi. Mbinu zenyewe zinafaa pia kwa wanaofuatilia Bigfoot, jitu la manyoya la masimulizi ya kule Marekani.

Kwanza fahamuni kwamba misitu hii iliwahi kuwashangaza wataalamu. Nguruwe mkubwa wa msituni, mweusi, mwenye mashavu yaliyovimba, hakuwa na jina la kisayansi hadi 1904. Wenyeji walimjua siku zote. Aliyepeleka vielelezo London ni Richard Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza yule yule aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905 katika kikao kilichoitwa cha amani. Miaka mingi baadaye wataalamu wa ndege waligundua kwamba alikuwa ameghushi lebo za vielelezo vyake vya ndege. Neno la mtu kama huyo lisingetosha hata kidogo. Lakini ngozi na fuvu havikumtegemea yeye: yeyote aliweza kuvipima, na nguruwe mwenyewe angali hai. Ushahidi wa namna hiyo, usioegemea uaminifu wa msimulizi, ndio ninaotaka tuutafute.

Hatua ya 1: Ruhusa. Msitu wa Kakamega upande wa kusini uko chini ya KFS (shirika la misitu), na kaskazini, Buyangu, uko chini ya KWS (shirika la wanyamapori). Pitia ofisini, lipa kiingilio, chukua mwongoza wageni wa pale. Ukitaka kukusanya sampuli kwa utafiti rasmi, utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Usiingie usiku, usiingie peke yako.

Hatua ya 2: Wajue wanyama wanaojulikana. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Masimulizi ya chemosit hutaja mabega ya juu, mgongo unaoteremka, mwendo wa kuyumba na kilio cha kutisha. Fisi madoa ana vyote hivyo, hasa akionekana jua likizama penye ukungu. Unyayo wake una vidole vinne na kucha huonekana. Wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Akitembea, mguu wa nyuma unaweza kukanyaga palipokanyagwa na wa mbele, na alama mbili zikaungana kuwa moja ndefu inayofanana na ya dubu. Nyegere ana vidole vitano na kucha ndefu mbele, kwa hiyo unyayo wake huonekana kama wa dubu mdogo kabisa. Ongeza nyani na mhanga. Chui hukanyaga kucha zikiwa ndani. Kaa na nyayo hizi, zichore kwa mkono wako, mpaka uzitambue hata kwenye tope lililonyeshewa.

Hatua ya 3: Sikiliza wazee bila kuwaelekeza. Usianze na jina "chemosit", wala usionyeshe picha. Uliza: "Mzee, uliona nini? Ulikuwa umesimama wapi? Jua lilikuwa upande gani?" Andika kwa maneno yake mwenyewe. Tenga aliyeona kwa macho na aliyesimuliwa na shangazi. Kumbuka pia kuna chemosit wa hadithi za jioni, zimwi la mguu mmoja lenye mdomo unaong'aa mwekundu. Simulizi hizo zina heshima yake, ila zisichanganywe na daftari la nyayo.

Hatua ya 4: Unyayo. Piga picha kabla hujaugusa, simu ikitazama chini moja kwa moja, rula ikiwa kando ya alama na kwenye usawa wa ardhi. Kisha piga picha ya msururu mzima na upime umbali kati ya hatua. Alama moja pekee haisemi mengi. Kwa plasta ya Paris, zungushia alama ukanda wa kadibodi, changanya takriban vipimo viwili vya unga kwa kimoja cha maji, mimina pembeni ili usibomoe umbo. Ngoja nusu saa au zaidi. Kukiwa na unyevu wa Aprili, ngoja zaidi bado.

Hatua ya 5: Manyoya. Glavu, bahasha ya karatasi (nailoni hufuga ukungu), tarehe, mahali, jina la aliyeokota. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Molo: Mwalimu, usiku upande wa Mau tunasikia kitu kinakoroma kama mlango mbovu, halafu kinapiga mayowe. Ndiye?

Jibu: Ndugu, huyo karibu hakika ni perere. Ni mdogo kama sungura, hukaa juu ya miti, na dume lake huanza kwa mikwaruzo kisha hupaza mayowe. Rekodi kwa simu na utaje saa.

Mwanachama, Kisumu: Na ziwani? Wavuvi huona mgongo mrefu wenye nundu ukipita.

Jibu: Dada, fisi maji huogelea kwa kundi, wakifuatana, na kwa mbali huonekana kiumbe kimoja chenye nundu nyingi. Chatu naye huogelea, na magugu maji husukumwa na upepo. Waombe wavuvi wachukue video ndefu, yenye mtumbwi au ufuo ndani yake, ili ukubwa upimike.

Mwanachama, Eldoret: Filamu ya Bigfoot ya 1967 si ushahidi tosha?

Jibu: Ile ya Bluff Creek, California, bado inabishaniwa kwa sababu hakuna mwili, mfupa wala unywele wa kupima. Manyoya yamewahi kupimwa: 2014 Bryan Sykes na wenzake walichapisha vipimo vya vinasaba vya sampuli zilizodaiwa kuwa za Bigfoot, Yeti (jitu la masimulizi ya Himalaya) na wenzao. Wakapata dubu, farasi, ng'ombe, nungu, hata binadamu. Mimi nalipenda jaribio hilo. Liliwapa watafutaji nafasi ya haki.

Mwanachama, Kapsabet: Kama ngozi na fuvu ndivyo vilivyothibitisha nguruwe, tukimkuta chemosit tumwue?

Jibu: Hapana, kaka. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji, na mnyama adimu kiasi hicho huenda akawa wa mwisho. Siku hizi unywele wenye shina au kinyesi kibichi hutosha kwa vinasaba. Mkimwona, simameni mbali, pigeni picha, wekeni alama mahali alipopita, kisha mpigie simu ofisi ya KWS iliyo karibu kabla hamjamwambia mtu mwingine yeyote.